Maji ya Kengele za Mei

Theluji ya mwisho ilipoyeyuka nyuma ya gereji, Corinne alianza kuitazama kona yake ya kahawa kwa macho ya mama yake. Ilikuwa ni kabati fupi tu kando ya dirisha la jikoni, juu yake mashine ya kahawa, kinu na rafu mbili za vikombe. Lakini ilikuwa bado imevaa nguo za baridi. Vikombe vilikuwa vyekundu vya Krismasi, na tawi la msonobari lilikuwa limekauka na kudondosha sindano zake ndani ya sukari. Mama yake, Marlys, alikuwa anakuja kushinda naye Siku ya Akina Mama. Marlys alikuwa mtu wa kuona kitu kimoja kilichokaa vibaya katika nyumba nzima na kukisema pale pale mlangoni, kabla hajavua koti.

Basi Corinne akaifanyia kazi kona ile kila alipopata nafasi. Kabati akalipaka kijani cha majani machanga. Akatandika kitambaa cha mistari, akashusha vikombe vyekundu na kupandisha vyeupe vilivyochorwa vifaranga, akamweka sungura wa udongo karibu na bakuli la sukari. Kibao cha mbao akakiandika kwa mkono wake: Machipuko Yamebisha Hodi. Gordy, mumewe, alikisoma, akasema, "Yabishe tu, mradi yapanguse miguu," akaendelea kufunga ndoano zake za kuvulia samaki.

Kilichokosekana kilikuwa maua ya kweli. Jumamosi jioni Corinne alikwenda nyuma ya gereji, mahali ambapo mwenye nyumba wa zamani alipanda kengele za Mei na kuziacha zijitawale. Ni vijiua vyeupe, vidogo, vinavyoinamia upande mmoja wa kijiti, na harufu yake hujaza chumba. Akakata fungu zima na kulitumbukiza kwenye jagi la kioo alilozoea kuchotea maji ya mashine. Maua yakalala humo usiku kucha.

Asubuhi hakuridhika. Jagi lilikuwa refu na vijiti vifupi, maua yamezama shingoni. Akayatoa, akayagawa kwenye vichupa vidogo vya jamu na kuvipanga mbele ya vikombe. Kona ikapendeza hata akaipiga picha. Jagi akaliacha pembeni na maji yake, akisema moyoni atayamwaga. Hapo gari la Marlys likaingia uani.

"Gordy yuko wapi?" Marlys aliuliza akiwa bado kizingitini.

"Ziwani. Kaahidi samaki wa chakula cha jioni."

"Basi tutakula mayai." Akavua koti, akasimama mbele ya kona ya kahawa, mikono kiunoni. Corinne alimtazama mgongoni, mama mwembamba wa miaka sabini na kitu, nywele zimesukwa vizuri kwa ajili ya siku hiyo. "Huyu sungura naye anakunywa?"

"Mama."

"Nauliza tu. Kila kitu kipo, mwanangu, isipokuwa kahawa."

"Keti, nakupikia sasa hivi. Ngoja nikatoe mkoba wako kwenye gari."

Alikaa huko nje zaidi kuliko alivyokusudia. Jirani alimwita kwenye uzio, wakazungumza habari za mbwa na za mvua. Aliporudi, jikoni kunanukia kahawa na Marlys yuko mezani na kikombe cha kifaranga, mkate wa mdalasini umekwisha nusu.

"Nimeshapika. Ulitaka nikauke?" akasema. "Hiki cha pili. Chako hicho hapo."

Corinne akaketi. Akanywa kidogo, akakunja uso.

"Na mimi nimeliona hilo," mama yake akasema. "Kahawa yako ina marashi. Ndiyo mambo yenu ya siku hizi, kutia vanila, kutia sijui nini."

"Sijatia kitu." Corinne akanywa tena kidogo, akainuka kutazama mashine. Akashika jagi. Lilikuwa tupu.

"Mama, ulitumia maji haya?"

"Si la maji hilo? Nimekuta limejaa."

"Yalikuwa ya maua."

Marlys akacheka. "Basi nimekunywa chai ya bustani. Marehemu baba yako alikunywa maji ya mfereji wa ng'ombe akaishi mpaka themanini."

Corinne naye akacheka, lakini mkono ukaenda kwenye simu. Alitaka tu kujua kama maji hayo yataharibu tumbo. Akaandika jina la maua, na maneno ya kwanza yaliyojitokeza hakuyaelewa, akayasoma upya. Mmea wote ni sumu. Majani, ua, kijiti, hata maji ulimolowekwa. Kuchemsha hakuiondoi. Sumu yake hufanya kazi kama dawa moja ya moyo, na jina lake liliandikwa hapo.

Dawa hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa mama yake, aliokuwa ameuweka sakafuni sasa hivi. Kila Jumapili yeye ndiye aliyekuwa akimjazia mama yake kikasha cha vidonge, kidonge kidogo cheupe kila asubuhi, na daktari wa moyo aliwahi kuwaonya wote wawili wasizidishe hata kimoja.

"Umekunywa kidonge leo?"

"Nakunywa kila siku, unanijua. Mbona umebadilika rangi?"

Corinne alipiga namba ya kituo cha ushauri wa sumu, na mwanamke mwenye sauti ya upole akapokea. Akauliza maua gani, yamelowa muda gani, vikombe vingapi, mgonjwa ana umri gani. Aliposikia jina la dawa, upole ukabaki lakini maneno yakaanza kwenda haraka. Usimtapishe. Usimpe kitu chochote. Piga simu ya gari la wagonjwa sasa hivi. "Na wewe umekunywa?"

"Kidogo. Mafunda mawili matatu."

"Basi usiendeshe gari. Wasubiri hapo hapo."

Gari la wagonjwa la mji ule liliendeshwa na watu wa kujitolea, na siku ile kila mmoja alikuwa kwa mama yake. Corinne alilijua hilo hata alipokuwa akiwapigia simu. Alifungua mlango wa mbele ukabaki wazi, akarudi kuketi mbele ya Marlys na kumshika kiganja. Alitaka kuhesabu mapigo yake lakini hakuyapata, na hakujua kama ni kwa sababu hayapo au ni kwa sababu hajui mahali pa kuyatafuta. Moyo wake ulikuwa unapiga masikioni. Akajiuliza kama ni hofu au ni yale mafunda, na hakuwa na njia ya kujua.

"Kuniitia gari la kengele kwa ajili ya kahawa," Marlys akasema. "Kesho kanisani nitaonekana mjinga."

"Kanisani ni leo, Mama."

"Leo, basi."

Akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha Corinne kuliko yote aliyoyasoma. Mama yake hakuwa mtu wa kuacha neno la mwisho kwa mwingine. Sasa alikuwa akilitazama dirisha, akipepesa macho.

"Taa ile umeibadilisha? Ina rangi ya njano."

"Hakuna taa iliyowashwa."

"Corinne," akasema taratibu, "nadhani nitatapika."

Akatapika kwenye bakuli la matunda. Jasho likamtoka juu ya midomo, na ngozi yake ikawa baridi kama bomba. Corinne akamlaza sakafuni, kichwa chake mapajani, akaanza kumsemesha ovyo: habari za samaki, habari za Gordy, akimwomba asifumbe macho. Marlys aliyafumba. Kwa muda kifua chake hakikuonekana kuinuka, na Corinne akainama akaweka shavu karibu na pua yake, akingoja pumzi, huku harufu ya kengele za Mei ikimshukia kutoka juu ya kabati, tamu, nzito. Pumzi ikaja. Halafu akangoja nyingine.

Wa kwanza kuingia alikuwa Duane, fundi bomba, amevaa shati la sikukuu na koti la uokoaji juu yake. Alimjua Marlys tangu utotoni.

"Bi Marlys, umekula nini?"

"Sungura," Marlys akanong'ona, na Corinne akaanza kulia.

Duane alibandika nyaya kifuani, akatazama kijisanduku chake cha kupimia moyo. Alimwashiria mwenzake kwa kichwa, na mwenzake akakimbilia machela. Ndani ya gari Corinne aliuliza mapigo ni mangapi. Duane akasema, "Yapo," na hakutaja idadi.

Hospitalini walitenganishwa. Corinne aliunganishwa na mashine yake ya mapigo, wakamwambia moyo wake uko sawa ila uendelee kutazamwa. Alilala akisikiliza mlio wa mashine yake na kujaribu kuusikia wa mama yake kupitia pazia na ukuta. Kila mlio ulipobadilika mahali popote, aliinua kichwa. Daktari mmoja alikuja, akasema dawa ya kuipinga ile sumu ipo, lakini yao ilikuwa kidogo, na nyingine inaletwa kutoka hospitali kubwa. Corinne akauliza, "Na isipofika mapema?" Daktari akasema, "Iko njiani."

Gordy alimkuta hapo, suruali imelowa maji ya ziwa. Alikuwa amefika nyumbani, akaona mlango wazi, bakuli lile na kiatu kimoja cha Marlys.

"Nilidhani mmeuawa," akasema, akaketi chini sakafuni, si kwenye kiti.

Dawa ilifika. Moyo wa Marlys, uliokuwa ukisitasita na kuruka, ulirudi kwenye mwendo wake kidogo kidogo, na kufikia katikati ya wiki walimruhusu atoke, kwa sharti asikae peke yake. Gordy alikuwa amekwisha kung'oa kengele zote nyuma ya gereji kwa jembe, akavunja jagi, na ile mashine ya kahawa akaipeleka jalalani bila kuuliza mtu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa Corinne, Marlys aliomba kahawa. Corinne alitia maji ya bomba kwenye sufuria mpya mbele ya macho yake, akachemsha, akachuja, akamwekea mezani. Mama yake alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakukiinua. Alikitazama tu. Wakati huo Corinne akatambua kwamba mzaha wote ule, wa sungura, wa kanisa, ulikuwa umefunika woga mkubwa kama wake.

"Sioni kama una kosa," Marlys akasema bila kuinua uso. "Usinielewe vibaya."

"Najua, Mama."

"Lakini anza wewe."

Corinne akakivuta kikombe kwake, akanywa, akakirudisha katikati ya meza. Kisha wakakaa wote wawili, wakingoja.