Bango la Mama

Msumari ulikuwa umepigwa katikati ya paji la uso la mama. Bathsheba alisimama mbele ya choo cha shimo, kule kwao Gesima, haja iliyomleta ikapotea. Mama alimtabasamia huku nzi wakitambaa mdomoni mwake. Chini, penye maneno "Pumzika kwa Amani", kuku walikuwa wamechafua.

"Nyakundi! Nani amemtundika mama hapa?"

Kaka yake alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi. "Si mlango ilioza? Na hiyo bango ni ngumu, dada. Mvua imeshindwa nayo mwaka mzima."

"Huoni haya?"

"Haya ya nini? Wewe ndiye uliichapisha."

Kweli, alilichapisha yeye, mwalimu wa usanifu katika chuo kimoja cha Keroka, anayewahubiria wanafunzi kwamba kila wanachobuni wajue kitaishia wapi. Wiki ya mazishi alitaja kitambaa cha pamba, wajomba wakaguna: watu watasema wamezika maskini. Basi akachagua plastiki nene, ing'aayo, ya kutundikwa njia panda ili waombolezaji wasipotee. Kazi yake ilikuwa ya siku chache tu.

Aling'oa msumari, akalisugua bango kwa sabuni mpaka vidole vikamuuma. Halafu akakwama nalo. Alichome? Amchome mama, moshi unuke mpaka kwa majirani? Alizike kando ya kaburi? Mama atakuwa udongo zamani, na plastiki bado inatabasamu. Alijichukia, akawachukia wajomba, akaichukia hata ile rangi nzuri aliyoichagua mwenyewe.

Jumatatu alilibeba hadi darasani. Wanafunzi walikuwa wakimalizia kazi aliyowapa mwenyewe: bango la mazishi. Kwenye kila kompyuta kulikuwa na uso wa marehemu wa kubuni, unacheka.

Alilitandaza mezani. "Huyu ni mama yangu. Nimemtoa kwenye mlango wa choo. Niambieni nimweke wapi."

Kemuma, msichana wa mstari wa mbele, aliinua mkono.

"Madam, si ukunje tu, uweke kwa stoo?"

Bathsheba alilikunja, akalikunja tena, akalikandamiza kwa kiganja. Kisha akaondoa mkono. Plastiki ikajikunjua yenyewe polepole, mbele ya wote, mpaka uso ukatokea tena na tundu lake kwenye paji.