Sahani za Mtaa Mzima

Bi harusi alikuwa fundi bomba, na yote yaliyotokea yalianzia hapo. Msichana mwingine akikaribia kuolewa huwaza gauni na viatu. Yeye aliwaza mtaro. Baada ya harusi iliyopita pale mtaani, ni yeye aliyelala kifudifudi pembeni ya mtaro ule, mkono umezama mpaka begani, akivuta sahani za kutupa zilizojikunja, vikombe vya plastiki, na vijiko vilivyoshikana kama meno ya kitana. Mvua ilikuwa imeshanyesha, na maji yameshaingia chumbani kwa fundi viatu na kuzitembeza kandambili zake mpaka uvunguni mwa kitanda. Kwa hiyo siku wazazi walipokaa kupanga harusi yake, alisema jambo moja tu, tena kwa upole: kwenye harusi yake watu watakula kwenye sahani za kuoshwa. Kisiwepo cha kutupa, si kikombe wala kijiko.

Mama yake alijishika kiuno. Akauliza kama wageni wa pande zote mbili watapakuliwa kwenye viganja. Vyombo vya kukodi vilikuwa vimeshakodishwa vyote, maana msimu ule ungedhani kila mtu anaoa. Baba yake aliangalia dari kama anayetafuta buibui. Hapo ndipo shangazi mtu, dada yake baba, aliyekuwa amekaa pembeni anachambua mchele, ulimi ulipomponyoka.

"Sahani niachieni mimi," alisema. "Nitaazima nyumba kwa nyumba, na kila moja itarudi kwao nzima. Ikimeguka au ikipotea hata moja, msinipe tena mwiko katika familia hii."

Mwiko si jambo dogo. Shangazi alikuwa amepika shule ya bweni mpaka akastaafu, na tangu hapo hapakuwa na shughuli ya ukoo ambayo si yeye aliyesimama kwenye sufuria kubwa, anakoroga na kuamuru. Wifi yake, yaani mama wa bi harusi, alikuwa akiutamani mwiko ule tangu alipoolewa, na kila mtu alijua.

"Wifi, umesema mwenyewe," alisema huyo wifi, akijizuia kutabasamu. "Mashahidi tupo."

Shangazi akaanza kazi kesho yake. Alipita kwa mshona nguo, akapita kwa fundi viatu, akapita kwa msusi. Wote walikubali, kwani mtaro ule uliwanukia wote. Ila kila mmoja alikuwa na swali lilelile: sahani yangu utaijuaje? Msusi ndiye aliyelijibu. Alikuwa na chupa za rangi ya kucha zilizobaki kidogo kidogo, zile ambazo brashi haifiki tena vizuri, akampa Shangazi zote. Basi kila nyumba ikapewa rangi yake. Ya mshona nguo nyekundu, ya fundi viatu kijani, ya msusi mwenyewe dhahabu, na kuendelea. Shangazi aliketi barazani siku nzima, miwani imeshuka puani, anageuza sahani na kuitia tone moja kwa chini, anaipuliza, anaiweka. Alikuwa anafurahi kama mtoto anayechora.

Hata hivyo hazikutosha. Ikabaki nyumba moja ambayo alikuwa ameizunguka kila siku kama mtu anayekwepa dimbwi: kwa Mama Kabati.

Mama Kabati alipewa jina hilo kwa ajili ya kabati lake la vioo, lililojaa sahani zilizochorwa ndege wa bluu, ambazo marehemu mumewe alimnunulia wakiwa vijana. Hazikuwahi kupakuliwa chakula. Yeye mwenyewe alikula kwenye sahani ya bati, huku ndege wakimwangalia. Na yeye na Shangazi hawakuwa wakisemezana zaidi ya habari na nzuri, kwa ajili ya jagi. Zamani Mama Kabati aliazima jagi la kioo la Shangazi, akalirudisha limemeguka mdomoni, na alipoulizwa akasema pengo lilikuwepo. Shangazi alijua halikuwepo. Mama Kabati alijua kwamba Shangazi anajua. Wakaishi hivyo, ukuta kwa ukuta.

Shangazi alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa ukingoni mwa kiti. Akaeleza yote, mtaro, mpwa wake, na ahadi aliyoitoa mbele ya wifi yake. Mama Kabati alisikiliza huku anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Shangazi alipomaliza, yeye aliuliza kama ni kweli ataupoteza mwiko, na Shangazi akasema ni kweli.

"Ndege wangu hawajawahi kuonja wali," alisema mwishowe. "Tangu marehemu aninunulie ni kuangalia watu wanakula kwenye bati. Wachukue. Lakini usiwatie hayo marangi yenu, wao wanajulikana."

Shangazi alizichunguza moja moja mbele yake, akapitisha kidole kwenye kila ukingo. Zote zilikuwa nzima. Akazifunga kwenye shuka na kuzibeba nyumbani kama anayebeba mayai.

Siku ya harusi bi harusi alikuwa ameshapanga sehemu ya kuoshea kwa mikono yake mwenyewe. Aliweka mabeseni juu ya meza uani, la kwanza la kusugulia, la pili la kusuuzia, na chini yake bomba lililopeleka maji ya kusuuzia moja kwa moja kwenye miche ya mboga na maua iliyokuwa imenyauka kando ya ukuta. Mjomba wake, dereva wa lori, aliwekwa kwenye sabuni, kwa sababu alikuwa na mikono mikubwa na hachoki. Wali ukaiva, nyama ikaiva, watu wakaja.

Tena wakaja wengi kuliko waliotarajiwa. Upande wa bwana harusi walishuka na jamaa, na jamaa za jamaa, na kabla nusu hawajala, meza ya sahani ikawa tupu. Wifi mtu akamsogelea Shangazi kwenye sufuria na kumnong'oneza kwamba asiwe na wasiwasi, kuna maboksi mawili ya sahani za kutupa uvunguni mwa kitanda chake, aliyanunua kwa dharura tu. Shangazi alimwangalia. Akauliza kama dharura hiyo ilinunuliwa leo au siku ileile ya kikao. Wifi akajifanya hasikii, akaelekea chumbani.

Hapo bwana harusi akaona. Alikuwa daktari wa meno, kijana mtaratibu mwenye kucha fupi, na mkewe alikuwa ameshamweleza habari za mtaro mpaka akaota ndoto. Alipomwona mama mkwe anaelekea chumbani na meza haina sahani, alivua koti akalitundika kwenye kitasa, akakunja mikono ya shati, akasimama kwenye beseni kando ya mjomba. Watu wakapiga vigelegele. Jamaa zake wakaona aibu kuketi, nao wakaja kufuta. Sahani zikawa zinaingia chafu na kutoka zinang'aa, tena kwa kasi, na waliokuwa wakisubiri wakapakuliwa bila kujua kwamba walisubiri. Wifi aliporudi na boksi kichwani alikuta watu wanakula. Akaligeuza boksi na kurudi nalo taratibu, kana kwamba alikuwa amelitoa kulipunga hewa.

Shangazi alikuwa na furaha ya kuimba. Akaenda kwenye beseni kumshukuru mkwe, akachukua sahani moja iliyooshwa, akaigeuza. Chini ilikuwa nyeupe tupu. Akachukua nyingine. Nyeupe. Ya tatu vilevile.

"Shangazi, hizi zilikuwa na madoa sugu kwa chini," alisema bwana harusi, na waya wa kusugulia bado uko mkononi. "Nimeyatoa."

"Yote, mwanangu?"

"Yote. Sikuacha hata moja."

Daktari wa meno hawezi kuona doa akaliacha, hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Sasa mtu kama huyo, siku ya harusi yake, shati limelowa mpaka kifuani, utamwambia nini? Shangazi alimwambia asante. Kisha akatafuta ndoo, akaifudikiza, akaikalia.

Asubuhi alizitandaza sahani zote uani juu ya mikeka, akawaita wenyewe. Wifi alifika wa kwanza, na mwiko ulikuwa mkononi mwake. Alisema aliukuta umeachwa nje. Majirani nao wakaja. Shangazi akawaeleza ukweli, kwamba alama zimesuguliwa, na aliyezisugua alifanya hivyo kwa mapenzi. Halafu mshona nguo akainama, akaokota sahani, akasema hii yangu, mkwaruzo huu ni wa mkasi wangu. Fundi viatu akapata yake kwa gundi aliyoungia ukingo mwenyewe, na akawaonyesha wote jinsi gundi yake ilivyostahimili hata daktari. Msusi akatambua iliyoungua kwa kitana cha moto. Ikawa kama mchezo. Kila sahani ilikuwa na kisa, na kila kisa kilileta kingine, na fundi viatu akataniwa kwamba hata ndoa yake mwenyewe hakuiunga vizuri hivyo.

Zilizobaki ni sahani nyeupe tupu, za duka lilelile ambalo kila mtu hununua, zisizo na kovu wala kisa. Hapo kicheko kikapungua. Mshona nguo alishika moja upande huu, msusi akaishika upande ule, na wote wawili walikuwa na hakika. Wifi akaanza kuuzungusha mwiko vidoleni.

Mama Kabati alikuwa amechutama peke yake mkekani, anawapanga ndege wake. Mara akasimama na sahani moja mkononi. Shangazi aliona kabla hajaambiwa: ukingoni, juu ya bawa la ndege, palikuwa na pengo dogo, jeupe, jipya kabisa. Wote wakaliona. Wifi naye akaliona, akafumbua mdomo.

Mama Kabati alipitisha kidole gumba juu ya pengo lile, huku na huku, bila haraka.

"Pengo hili lilikuwepo," alisema.

Shangazi alimwangalia. "Kama lile la jagi langu?"

"Kama lile la jagi lako. Lile nililitia mimi, jagi liligonga bomba, na hili pia lilikuwepo."

Shangazi alianza kucheka taratibu tumboni, kicheko kikapanda mpaka mabegani, akamshika Mama Kabati mkono, na Mama Kabati naye akacheka, wazee wawili wanafutana machozi kwa kanga moja. Wengine hawakuelewa lakini walicheka pia. Mshona nguo na msusi wakajikuta wameiachia ile sahani nyeupe.

Ndipo Mama Kabati alipozitazama zile zisizo na mwenyewe. Akasema kabati lake lina nafasi kule chini, zikae humo pamoja, ziwe za mtaa. Atakayekuwa na shughuli aje achukue, aoshe, arudishe. Msusi akasema mdogo wake ameshaposwa, na huyo akawa wa kwanza. Fundi bomba, aliyekuja kuwasalimu na mumewe, akaahidi mabeseni na bomba lake kwa yeyote, ila mumewe asipewe waya wa kusugulia. Wifi mtu aliutazama mwiko mkononi mwake. Kisha akasema maboksi yake hayajafunguliwa, atayarudisha dukani leo hii. Akamnyooshea Shangazi mwiko.

"Shika, wifi. Watu hawa hawatashibishwa na hadithi za sahani."

Shangazi akaupokea, akaupasha moto wali uliobaki, akaanza kuwapakulia. Alipofika kwa Mama Kabati alinyoosha mkono kwenye sahani ya bati, kwa kuwa alijua anavyopenda. Mama Kabati akatikisa kichwa. Akamwekea mbele ile ya ndege mwenye pengo, akasema ajaze, asimwonee haya ndege.