Mchanga wa Kona ya Kumi

Asubuhi ya tatu mfululizo Khulud aliukuta mchanga palepale: ulimi mwembamba umelala kwenye kona ya kumi, urefu wa mkeka mmoja, laini kama unga. Kona nyingine zote za uwanja wa mbio za magari zilikuwa safi. Upepo ni mmoja, jangwa ni moja. Kwa nini hapa tu?

"Usiukodolee macho, binti. Fagia," alisema Bu Mishari, mkuu wa wasimamizi wa kona ile. "Alasiri wakaguzi wanakuja. Wakiukuta tena bila maelezo, kona wanapewa wenzetu, na mimi na wewe tunakwenda kupanga magari ya watazamaji huko nje."

Khulud alifagia upesi. Miaka miwili alikuwa amejitolea bila kukosa siku, na mwaka huu ndio kwanza amekabidhiwa bendera za kuwaashiria madereva. Magari ya mbio yangeanza kukimbia kesho.

"Bu Mishari, mlipoanza mliuzuiaje mchanga?"

"Kwa gundi."

"Gundi?"

"Naam. Mwaka wa kwanza tulipewa mapipa ya gundi tukalinyunyizia jangwa pande zote, mpaka likaota ganda kama uji uliopoa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani nimerukwa na akili, nimekwenda kubandika jangwa." Alicheka peke yake. "Dunia ilitucheka: mbio kwenye vumbi! Lakini siku mshindi wa kwanza alipomwagiwa maji ya waridi jukwaani, nililia. Kabla ya hapo ukisema unatoka Bahraini, mtu anakuuliza hicho kisiwa kiko wapi."

"Basi ganda limevunjika mahali."

"Livunjwe na nani? Huko nyuma hapiti mtu."

Khulud aliomba ruhusa, akatoka kwa lango dogo la uzio, akatembea akiupa upepo uso. Alikanyaga mawe tu ili asiharibu zaidi. Hakwenda mbali. Mistari miwili ya matairi ilikuwa imelikata ganda vipande vipande, na mchanga wa chini ukitiririka taratibu kuelekea barabarani. Aliifuata mistari hiyo mpaka juu ya kilima kidogo. Kutoka pale kona ya kumi ilionekana yote, kama kiganja cha mkono.

Palikuwa na rundo la maganda ya mbegu za tikiti, na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa kamba ya buluu.

Kiti kile alikijua. Kambini kwao walikuwa wanakitafuta tangu Jumamosi, na mtafunaji wa mbegu kule alikuwa mmoja tu.

Kila msimu wa baridi ukoo wao hupiga mahema nyuma ya vilima vile, na kila mlo Ami Ghanim, kaka wa baba yake, huulaani uwanja: wamechukua malisho ya ngamia, wametuletea kelele. Juzi alikuwa amesema mbele ya watu wote, "Msichana mzima, amesoma, anapepea vitambaa!" Khulud alikuwa ameinamia sahani yake.

Alimkuta hemani anakunywa chai.

"Ami, jioni unakwenda wapi na gari?"

"Kuokota kuni."

"Kule hakuna hata mti."

Ami Ghanim alipuliza chai iliyokwisha kupoa. "Nilitaka kujua ni kitu gani kinachokutoa kitandani alfajiri. Siku moja tu. Kisha nikawaona vijana wanajaribu magari. Kila mmoja anaikata ile kona kivyake. Kwa nini?"

"Ami, umevunja ganda. Mchanga unaingia barabarani, nami lazima niandike sababu."

"Andika upepo."

"Upepo haukai kwenye kiti."

"Uliandike jina langu? Akalione Bu Mishari? Miaka ishirini namwambia amebandika jangwa bure!"

Safari hii Khulud hakuinamisha kichwa. "Nitaandika, ami. Mtu akiteleza pale kesho, nitakuwa mimi niliyenyamaza. Au uje umwambie mwenyewe."

Aliondoka bila kungoja jibu, akarudi kwenye kona, akaandika sababu na jina kamili.

Baada ya adhuhuri Ami Ghanim alitokea kwa miguu, akiruka jiwe hadi jiwe, kanzu kaikunja mkononi. Bu Mishari aliinua macho kutoka kwenye karatasi ya Khulud.

"Ghanim! Kumbe panya wetu ni wewe."

"Usinitanie. Hiyo gundi yenu iko wapi?"

Bu Mishari alimpa mpira wa kunyunyizia. "Taratibu, bwana mkubwa. Humwagilii mitende hapa."

Wazee wawili walinyunyiza wakibishana njia nzima. Wakaguzi walipofika walisoma karatasi, wakasugua soli za viatu kwenye kona, wakaenda kulitazama ganda bichi likikauka. Kisha wakatia sahihi. Kona ilibaki kwao.

Khulud aliuweka ufagio pembeni. Alipogeuka, ami yake alikuwa amesimama mbele ya bendera, mikono nyuma, kama mtu dukani asiyetaka kuonekana ananunua.

"Hii nyekundu najua, simameni. Na hii ya milia ya manjano na nyekundu?"

"Hiyo inamwambia dereva njia inateleza."

"Kwa mchanga wangu?"

"Kwa mchanga wako, ami."

Aliishika ncha ya kitambaa, akaipapasa. "Hebu nionyeshe inavyoshikwa."