Kutembea Si Kuhama

Siku ya kuhama, kila kitu kilikuwa kimeshashushwa chini isipokuwa baba na kiti chake.

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi zake ni zile nyembamba, mkikutana wawili mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mimi nilikuwa nazipanda kwa kuruka, ndiyo maana nyumbani wananiita Kiroboto, lakini baba figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki anakwenda kliniki kusafishwa damu kwa mashine, na akirudi kutoka kule anapumzika kila ghorofa, mimi nimemshika kwapa, yeye ananiambia nisimsukume, hakimbii mvua. Sasa mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amepata vyumba viwili vya chini, nyuma ya kibanda chake cha kushonea. Chini kabisa, ukifungua mlango uko nje. Akasema hapo baba atatoka mwenyewe kuota jua, hatasubiri mtu.

Baba alikubali. Hata akauliza dirisha linatazama wapi. Halafu ghafla akawa baridi. Ukitaja nyumba mpya anakuuliza chai iko wapi. Mama akadhani ni uchovu wa mashine, akaendelea kufunga mizigo. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza shule, sina kazi, nasubiri matokeo, kwa hiyo mizigo yote ilikuwa juu yangu. Nilikuwa na furaha ajabu. Afadhali kubeba kabati kuliko kukaa.

Basi siku yenyewe mwenye mkokoteni kaja, tumepakia magodoro, sufuria, cherehani ya zamani ya mama, nimerudi juu kumchukua baba. Kakaa katikati ya chumba kitupu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Baba, twende."

"Nyinyi nendeni. Mimi nabaki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwita mama, na nyuma ya mama akapanda shangazi, dada yake baba, ambaye alikuja kusaidia lakini kazi aliyoisaidia zaidi ni kusema. Shangazi akaanza kusema angali ngazini. Kwamba kaka yake tangu utoto ni mbishi, kwamba alishawahi kugombana na mbuzi. Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama mumewe, akasema taratibu, "Baba Kiroboto, niambie mimi."

Baba akatoa simu mfukoni, akanipa. "Soma. Kwa sauti."

Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye bima yake, ile ya chama cha mafundi wa kuchomelea vyuma, aliyoingia tangu akiwa kijana na maski yake usoni. Bima hiyo ndiyo inayolipia mashine. Sasa serikali imeleta bima mpya ya watu wote, na mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia: wengine wanasema za zamani zimekufa, wengine wanasema bado zinapumua. Nikasoma: "Ndugu mwanachama, sheria mpya inakuruhusu kuendelea na bima yako kama ilivyo. Baki ulipo. Ukihama hutaweza kurudi."

"Umesikia?" baba akasema. "Baki ulipo. Mimi nipo hapa."

Nilitaka kucheka tena lakini niliona jinsi baba alivyoichukua simu na kuirudisha mfukoni kwa mikono miwili. Mtu alikuwa amekaa na jambo hili peke yake siku zote hizo. Kwamba akihamia nyumba ya chini, bima inakatika na sisi tunampoteza. Na hakusema, kwa sababu mama alikuwa anashona mapazia ya dirisha jipya huku anaimba.

Nikamwambia, baba, hapo wanasema kuhama bima, siyo kuhama nyumba. Akauliza nimejuaje. Nikasema ndivyo inavyoeleweka. Akasema yeye amechomelea mageti miaka yote, na geti lililofungwa kwa "ndivyo inavyoeleweka" huwa linaanguka.

Ukweli ni kwamba na mimi sikuwa na uhakika. Kadi yake ina anwani. Kliniki yake ni ya upande huu. Je, kama kweli wanaangalia unapokaa? Mama naye nilimwona anawaza hivyo hivyo, maana alisimama, akakung'uta gauni, akasema twende ofisini kwao tukaulize, wanafungua mpaka saa sita.

"Siendi na mizigo," baba akasema.

"Mizigo imeshapakiwa. Unakwenda kutembea tu."

Akafikiri. "Kutembea si kuhama," akasema, kama vile wazo ni lake.

Ngazi za kushuka zilichukua muda wake. Chini tukagundua hawezi kwenda kwa miguu mpaka ofisini, kwa hiyo mwenye mkokoteni akasogeza magodoro, tukapandisha kiti, na baba juu ya kiti. Tukaondoka hivyo. Mwenye mkokoteni mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma, mama pembeni kashika mguu wa kiti, shangazi na ndoo. Mtaa mzima ukatoka. Kinyozi akapaza sauti kutoka mlangoni, "Mzee, ndiyo unahama?"

"Natembea," baba akajibu.

"Na kabati?"

"Nalo linatembea."

Pale kwenye kona palikuwa na meza ya kuandikisha watu bima mpya, spika inapiga kelele hamia sasa, hamia leo. Mara shangazi akapunguza mwendo. Akaanza kutazama viatu vyake. Shangazi akinyamaza ujue kuna jambo. Mama akamwuliza, "Wifi, vipi?" Akasema si kitu. Tulipofika mlangoni mwa ofisi ndipo akatoa: wiki iliyopita alimwandikisha baba kwenye ile meza. Alipeleka nakala ya kitambulisho. Alitaka kumsaidia, aliambiwa za zamani zimekufa, hakutaka kaka yake abaki bila kitu.

Niliona uso wa mama. Sitaki kuueleza.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, benchi moja, na dada mmoja nyuma ya kioo chenye tundu la kuongelea. Baba akainama kwenye lile tundu, akaanza na swali lake, la nyumba. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, hakumkata, halafu akasema, "Mzee wangu, hamia nyumba yoyote unayoitaka. Hata ukahamia mwezini, sisi tunachotaka ni nambari mpya ya nyumba tu."

"Na mashine?"

"Mashine ni ile ile, kliniki ile ile. Kuhama tunakosema ni kuiacha bima hii na kuingia ile nyingine."

Baba akashusha pumzi. Lakini mama alikuwa bado kashika ukingo wa dirisha. Akamwambia yule dada habari ya meza. Yule dada akaandika jina la baba kwenye kompyuta, akangoja, akasogeza uso karibu na skrini. Mimi miguu haikutulia, nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu bila kuviona.

"Kweli ombi lipo," akasema. "Lakini halijakamilika. Halina alama ya kidole. Bila kidole cha mwenyewe hakuna kuhama. Hukuitwa ukaweke?"

Baba akamgeukia shangazi. Shangazi akamgeukia baba. Halafu nikakumbuka: siku ile shangazi alimpigia kelele kutoka chini, kaka, shuka mara moja kuna watu wanataka kidole chako. Na baba, katoka kwenye mashine, akajibu dirishani kwamba anayetaka kidole chake akifuate juu.

Hakuna aliyekifuata. Ghorofa ya tatu.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi, akajifuta macho kwa mtandio, na hapo sikujua tena kama anacheka. Yule dada akabonyeza vitu vyake, akasema ombi limefutwa, baba yuko palepale alipokuwa. Shangazi akamwambia baba, "Nisamehe, kaka." Baba akasema atamsamehe akimpikia, na asimpigie kelele tena akiwa chini.

"Chini utakuwa wewe," shangazi akasema. "Nitapiga kelele mlangoni."

Nje mwenye mkokoteni alikuwa amelala juu ya magodoro yetu, kofia usoni. Akaamka, akasaidia kumpandisha baba kitini, akauliza tunarudi wapi. Baba akajishikilia vizuri, akaonyesha kidole upande wa kibanda cha mama.

Tukapita tena kwa kinyozi. Alikuwa anamngoja, na mteja wake nusu kichwa.

"Mzee, bado unatembea?"

"Hapana," baba akasema. "Sasa nahama."