Warembo Wanne wa Felista

Kabla ya wale samaki, ukitaka habari za Kiomboi ulikwenda kwa Felista. Wanawake wakitoka shamba la kijiji walitua majembe mlangoni kwake, wakanywa togwa, wakachambua nani kaposwa na nani karudishwa kwao. Kisha daktari Mzungu akarejea Ulaya, akamwachia mpishi wake, Luciana, tangi la kioo lenye samaki wa rangi za upinde wa mvua. Majembe yakahamia kwa Luciana.

Iliuma. Luciana alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Antipasi, mtu asiyejua hata kusimulia msiba ukasikilizika. Leo nyumba yake imejaa, na Antipasi mwenyewe anachelewa chakula kwa ajili ya samaki wasiolika.

Felista akaenda kwake. "Wifi, na mimi nigawie mbegu."

Mbegu hainyimwi. Luciana akaleta tangi dogo tupu la kubebea. "Chagua. Ila dume na jike mimi siwajui, alikuwa anawajua Mzungu."

"Hilo nalo la kuuliza? Anayejipamba ni mwanamke."

Wanne waling'aa, wekundu kwa buluu, mapezi ya mgongoni marefu. Waliobaki walikuwa wa kijivu, wembamba, hawana makuu. Felista akawazoa warembo wote wanne huku roho ikimcheka: baki na madume yako, wifi, tuone yatazaa nini.

Wanawake wakarudi kwake, lakini warembo walishinda wakifukuzana na kutunishiana mapezi.

"Wake wenza wako hawapatani," akasema jirani yake Martha.

"Watazoeana."

Hawakuzoeana, wala yai halikuonekana. Ndipo Martha akaja na mpya: wale wa kijivu kwa Luciana wametaga kwenye majani ya majini, ila mayai yanaota ukungu tu.

"Wametaga?" Felista akauliza polepole.

"Wametaga. Mwenzangu, kwani kwa kuku mwenye manyoya ya kujidai ni nani? Umefuga majogoo manne." Wenzake walicheka hadi togwa ikamwagika.

Jioni hiyo Luciana akaja kuomba dume mmoja, mbele ya watu. Felista angemnyimaje? Akamtafutia yule aliyepauka kwa kupigwa na wenzake, anayejificha pembeni. "Mchukue huyu, wifi. Mpole."

Kesho yake hakuna jembe lililotua kwake. Akajifunga kanga, akaenda. Nyumba ilijaa hadi mlangoni. Yule mnyonge, katikati ya majike, alikuwa amewaka kama kaa la moto, akizunguka amejitanua, kuwapita wale watatu waliobaki kwa Felista. Antipasi alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Karibu wifi, keti," Luciana akasema, akimsogezea kigoda.

Felista hakuketi. Alisimama nyuma ya mumewe akiwakagua wale wa kijivu mmoja mmoja, akitafuta jike wa kuomba, mwenye tumbo kubwa kuliko wote.