Jicho la Kulia la Fundi Geti

Msusi alikuwa amemchoka mdogo wake. Mdogo mwenyewe ni mchomeleaji, mtaa mzima unamwita Fundi Geti, na jicho lake la kulia lilikuwa limeota mtoto wa jicho. Daktari alishamwambia wazi: upasuaji mdogo tu, siku hiyohiyo unarudi kwako. Akagoma. Kisa? Kuna mzee alifanyiwa, akapofuka.

"Mzee gani?" dada akauliza.

"Mzee fulani. Baba mkwe wa mtu ninayemfahamu."

Dada akamletea watu waliopona. Alianza na mteja wake, mwalimu mstaafu, ambaye sasa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akamleta na shemeji yao. Fundi Geti aliwapa viti, akawasikiliza kwa adabu zote, na walipoondoka akasema, "Hao walikuwa na bahati."

"Wote?"

"Sasa yule mzee je, dada?"

Mwezi uliofuata akachomelea bawaba za geti la watu upande usio wake. Mwenye geti alilirudisha huku anafoka. Fundi Geti akalaumu vyuma vya siku hizi. Dada alishika kichwa kwa mikono miwili.

Hatimaye mkono wa dada ukavimba kwa kusuka, mdogo wake akamsindikiza hospitali. Pale kwenye benchi akapita daktari wa macho, kavaa skafu ya timu anayoshabikia Fundi Geti. Wakaanza kumsema golikipa. Kabla dada hajaitwa ndani, mdogo wake alishakubali kupasuliwa.

"Mwalimu hukumwamini," dada akasema, "umeamini skafu?"

"Mtu anayevumilia timu ile, dada, ana moyo. Hawezi kuwa mzembe."

Jicho likapona vizuri kabisa. Dada alishukuru kwa dhati, akajua yamekwisha.

Siku moja anamsuka mama mmoja mwenye tatizo lilelile, Fundi Geti akaingia saluni, akavuta kiti. "Usiogope, mama," akasema. "Mimi nilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Aliyenichelewesha ni huyu dada yangu, kazi yake kuniletea watu na maneno."

Dada aliendelea kusuka, ila mama wa watu akashika kichwa na kumwomba, tafadhali, alegeze kidogo.