Raketi ya Kichwa Upande

Msumari ulikuwapo, raketi haikuwapo. Muhsin alisimama katikati ya sebule, funguo za duka zingali mkononi, akiutazama ukuta kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Safu ya raketi zake za tenisi ilikuwa mahali pake, kuanzia zile nzito za mpini mnene hadi ile ya mwisho ya chuma, iliyokuja kuwafukuza ndugu zake wa mbao viwanjani. Iliyokosekana ni ya kwanza, mama yao wote. Pale ilipokuwa ikining'inia pamebaki alama ya rangi mpya kwenye ukuta uliofubaa.

"Mama! Raketi ya kichwa upande iko wapi?"

Bi Wahiba alikuwa kwenye kochi, mguu wake uliovunjika ukiwa juu ya mto. "Kaondoka nayo Mwalimu Cyprian," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesema chai iko kwenye chupa. "Kaja kunijulia hali, maskini, toka huko Gongo la Mboto na jua lote hili. Kaitazama weee, kisha akasema, 'Mama, kitu hiki kizuri kweli.' Sasa mie ningefanyaje?"

Jibu Muhsin alilijua. Katika nyumba ile ya Temeke, tangu zama za babu zake waliouza tende na vitambaa, mgeni akisifu kitu, kitu hicho hufungwa kwenye gazeti akaenda nacho. Wapo waliosema ni ukarimu, wapo waliosema ni kuogopa jicho la watu. Marehemu baba yake, Mzee Azan, aliwahi kutoa koti akiwa bado amelivaa. Wageni wa kwao, nao, walijua kuchunga ndimi: aliyekitamani kitu alikitazama kimya akanywa kahawa yake. Lakini Mwalimu Cyprian, aliyemfundisha Muhsin hesabu sekondari, alikuwa mtu wa Bukoba. Kwake yeye kusifu kitu ni kukisifu tu, basi.

"Kesho nakwenda kumwomba anirudishie."

"Thubutu!" Bi Wahiba aliinua kidole. "Mwenye kurejea zawadi yake ni kama mbwa anayerudia matapishi. Utanitia aibu mie na uzee huu?"

"Lakini hukutoa chako, Mama. Raketi ni yangu."

"Nyumba ni moja, mwanangu."

Muhsin aliugeukia tena ule msumari mtupu. Wenzake wa biashara walikusanya viwanja na nyumba za kupangisha. Yeye, mwenye duka la rangi na vifaa vya ujenzi, alikusanya raketi kuukuu, na kwa hilo walimcheka mpaka wakachoka. Alizitafuta kwenye marobota ya mitumba na kwenye minada ya vyombo vya watu wanaohama. Ile ya kichwa upande aliikuta Pugu baada ya miaka ya kuhangaika, imegongomelewa kwenye mlango wa banda la kuku, na akaing'oa polepole isivunjike. Hakuna aliyeijua thamani yake ila yeye. Zamani, tenisi ilipotoka ndani ya kumbi za mawe na kuhamia kwenye majani, raketi zilitoka nazo na umbo la humo ndani: kichwa kimeinamishwa upande, ili mchezaji auchote mpira uliolala chini karibu na sakafu. Mafundi waliokuja baadaye walikinyoosha kichwa, wakakifanya yai, dunia ikasahau. Na kabla ya raketi yoyote, Wafaransa waliucheza mchezo huo kwa kiganja kitupu. Haya yote Muhsin aliyasimulia kwa kila aliyekubali kukaa, na kwa wengi ambao hawakukubali. Sasa historia yake imekatwa kichwa, na aliyeikata ni mama yake mzazi.

Kesho yake, siku nzima dukani alipima rangi na kukosea. Jioni ndipo hila ilipomjia. Kama raketi ilitoka kwa mlango wa sifa, si itarudi kwa mlango huo huo? Angekwenda kwa Mwalimu kama mgeni, aisifu, na mambo yangemalizika bila mtu kuomba wala kuaibika. Alijiona mjanja kuliko sungura.

Jumapili alipofika Gongo la Mboto, Mwalimu na mkewe Jovina walikuwa wamerudi kutoka kanisani. "Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama." Waliitikia kwa furaha, wakamketisha, wakamletea kisahani cha buni kavu za kutafuna, heshima ya kwao kwa mgeni. Raketi ilikuwa ukutani, katikati ya picha yao ya harusi na kalenda ya parokia. Muhsin alitafuna buni mbili tatu, akakohoa, akaanza kazi.

"Raketi hii nzuri, Mwalimu."

"Nzuri sana," alikubali Mwalimu.

"Mbao zake! Ona ilivyopindwa kipande kimoja, bila kiungo."

"Kweli kabisa."

"Mie sijapata kuona raketi nzuri kama hii."

"Hata wifi yangu alisema hivyo hivyo," alidakia Jovina. "Akasema inapendezesha nyumba."

Muhsin alisifu mpini, akasifu nyuzi za utumbo wa mnyama zilizokwisha kukatika, akasifu mpaka msumari. Kila sifa ilipokelewa kwa tabasamu na kuachwa hapo hapo. Jasho lilimtoka. Alitamani kusimama na kupiga kelele: jamani, nyie hamjafundwa?

Mwalimu akaigeukia raketi. "Muhsin, nimefundisha watoto wa mji huu mpaka nywele zimeniisha. Asante nimepewa nyingi, na vyeti ninavyo. Lakini kitu ambacho mtu anakitazama kila siku ukutani kwake, akakishusha akanipa mimi? Ni mama yako tu. Mimi hata tenisi siijui."

Muhsin aliirudisha kisahanini buni aliyotaka kuitafuna. Ingekuwa afadhali angemkuta mzee ameitupa uvunguni. Hapo angekuwa na haki ya kukasirika.

Jovina alikuwa akimtazama mgeni kwa makini. "Mwalimu," alisema polepole, "mimi naona huyu kijana anaitaka hii raketi."

"Kumbe?" Mzee aliinuka mara moja, akaishusha, akamnyooshea. "Si ungesema? Chukua, mwanangu."

Mikono ya Muhsin ilikwisha kuanza safari. Lakini mdomo, ambao ulilelewa na Bi Wahiba, ulitangulia. "La hasha, Mwalimu! Haiwezekani. Hii ni yako."

Kwao hivyo ndivyo kitu kinavyopokelewa. Unakataa, unashikiliwa, unakataa tena, unaapiwa, mara ya tatu unapokea kwa mikono miwili huku ukilalamika. Muhsin aliinamisha uso, akasubiri kushikiliwa.

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani ubaoni.

"Hakika kabisa, Mwalimu."

"Haya." Na Mwalimu akairudisha raketi kwenye msumari, akaisawazisha kwa kidole. Maishani mwake mwote aliwafundisha watoto kwamba jibu ni jibu.

Muhsin aliaga. Jovina, ambaye naye hakuzoea kumwacha mgeni aende mikono mitupu, alimkabidhi mkungu mzima wa ndizi za kupika.

Nyumbani aliutua mkungu jikoni kwa kishindo, akamsimulia mama yake kila kitu, akitarajia huruma. Bi Wahiba alicheka mpaka mguu ukamuuma. Alicheka, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaanza tena. Muhsin alisimama pale amevimba. Akiwa mtu mzima mwenye duka na ndevu zenye mvi, alitamani kulia kama mtoto aliyenyang'anywa gololi.

"Unaikumbuka saa ya ukutani?" mama aliuliza alipotulia.

"Ile aliyopewa Mzee Badru?"

"Ile ile. Baba yako aliipenda kuliko sie sote. Mzee Badru akaisifu, ikafungwa kwenye gazeti. Unadhani kila Ijumaa baba yako alikuwa akimfuata nini Badru kule Keko?"

"Kahawa na maongezi."

"Alikwenda kuisikiliza ikigonga. Mwanzo alikuwa akirudi kanuna, kama ulivyonuna wewe."

"Halafu?"

"Halafu akawa harudi kanuna." Bi Wahiba aliugeuza mguu wake juu ya mto, akaomba maji.

Muhsin alimletea. Alikumbuka siku ya msiba wa baba yake, na mzee aliyekunja mikono ya kanzu akaingia chumbani kumwosha maiti kabla hajaombwa na mtu. Alikuwa Badru. Lakini kumbukumbu hiyo haikumpoza. Saa unaweza kuisikiliza ukiwa umekaa kwa mtu, alijiambia. Raketi ya ukutani kwa watu utaifanyia nini?

Wiki ilipita kwa kununa. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa unyevu wa hewa. Mbao zile zikiachwa hivi hivi hupinda, na nani Gongo la Mboto angejua? Jumapili iliyofuata alichukua dukani kopo la mafuta ya kitani na kitambaa laini. Alichukua pia kibanio chake cha mbao cha skrubu nne za shaba, ambacho zamani wachezaji walikitumia kuzizuia raketi zisipinde. Alikuwa nacho kimoja tu, na hakuwahi kukiona kingine. Alijiapiza kwamba anakwenda kwa ajili ya mbao, si kwa ajili ya mtu, na kwamba kibanio atarudi nacho.

Kisahani cha buni kilikuwa mezani kabla hajaketi. Alipaka mafuta taratibu, mbao zikaiva rangi ya asali, na Mwalimu akavuta kiti karibu.

"Leo mwalimu ni wewe," alisema. "Nieleze. Kichwa hiki kwa nini kiko upande?"

Muhsin alitaka kujibu kwa mkato. Badala yake alijikuta amesimama katikati ya sebule ya watu, amepinda mgongo, anachota mpira usioonekana kutoka sakafuni, anaeleza habari za kumbi za mawe, za majani, za kiganja kitupu. Mwalimu aliuliza, akauliza tena. Jovina aliacha sufuria motoni akaja kusimama mlangoni. Hakuna aliyetazama saa.

Alipomaliza, aliiweka raketi ndani ya kibanio kuonyesha ilivyokuwa ikihifadhiwa, akakaza skrubu moja moja. Mwalimu aliinama, akaigusa shaba kwa ncha ya kidole.

"Aisee, Muhsin," alisema, "kifaa hiki kizuri kweli."

Muhsin alifumba macho. Chakula jikoni kikaanza kunukia kuungua. Kisha akazifungua skrubu zile za shaba, akaitoa raketi, akaitundika tena kwenye msumari wake, na kibanio akakipangusa mafuta kwa kitambaa mpaka kikang'aa.

"Mama," alimwambia Jovina, "hamna gazeti humu ndani?"